Njia Inayopita Mbele ya Babu Yako

Moraa wangu,

Kabla hujauliza kwa nini nakuandikia ilhali tunalala nyumba moja na mdomo ninao, ngoja nikujibu. Nikikuambia ana kwa ana utanikatiza. Ulianza kunikatiza ukiwa na miaka mitatu na hujaacha mpaka leo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kikwetu ni cha kusemea tu. Mkono wangu haukufunzwa kukiandika, na nikijaribu utadhani ni mtoto wa darasa la kwanza. Baba yako ameniona natafuta kalamu, akauliza kama naandika wosia. Nimemwambia ndiyo, na jina lake halimo.

Saa hizi ni saa nane mchana. Wewe uko Nyamira mjini unasukwa nywele, na vile ninavyomjua yule msusi wako kwa porojo, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Majani machache ya chai ya leo yameshafika kituoni. Kwa hiyo nina nafasi ya kukaa mezani kama karani.

Kesho asubuhi unaenda Lodwar, kazi yako ya kwanza, maabara ya hospitali, koti jeupe na kila kitu. Sitakuambia ufunge mlango, wala upike nini, wala uchague marafiki gani. Hayo nimeyasema mpaka mimi mwenyewe nimeyachoka. Nataka kujibu lile swali lako.

Unajua ni lipi. Ile siku tukiwa jikoni tunachambua chinsaga, uliniuliza polepole, bila hata kuinua macho: "Mama, nikiwa huko, ukiniambia uko sawa, nitaamini vipi?" Nikacheka. Nikasema, "Kwani mimi ni mtoto?" Ukaweka mboga chini. Ukasema labda uwaandikie watu wa Lodwar barua, uiache hiyo kazi, utafute kitu karibu karibu hata kama ni mwakani. Nikajifanya nimeenda kuangalia moto. Nilisikia, Moraa. Tangu siku hiyo hata ugali haupiti vizuri. Usome miaka yote hiyo, halafu ukatae kazi kwa sababu una mama muongo! Haiwezekani. Kwa hiyo leo nakupa habari yote, pamoja na ile ambayo bado huijui.

Wewe unajua tu kwamba nilianguka, na kwamba nilikuficha. Uliambiwa ilikuwa presha. Haikuwa presha. Ilikuwa aibu.

Nilipopewa dawa kwa mara ya kwanza, nesi wa kliniki alinieleza vizuri sana. Alisema, "Mama, hii ni tembe ya kutoa maji mwilini, itasaidia presha kushuka. Umeze asubuhi, si jioni. Utaenda haja ndogo mara nyingi, usishtuke." Akaendelea kusema mambo ya kunywa maji na kurudi kupimwa damu, lakini mimi nilikuwa nimeshafunga mkoba, mguu mmoja uko nje. Nilikuwa nawahi kuchuma majani. Nusu ya maneno yake niliiacha pale kwenye benchi.

Mara nyingi! Aliisema hiyo "mara nyingi" kwa upole kabisa. Siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne, nilikuwa nimeshahesabu safari nne. Na boma letu unalijua. Choo kiko kule chini kwenye migomba, njia ni moja, na njia hiyo inapita mbele ya veranda ya babu yako. Na babu yako, tangu jua linapochomoza mpaka taarifa ya habari ya jioni, yuko pale na kiti chake na redio yake.

Kwako si kitu. Wewe ni mjukuu, anakuita mke wake, unamwambia mume gani huyu hana meno, mnacheka mpaka anakohoa. Mimi ni mke wa mwanawe. Kati yangu na yeye kuna chinsoni, ile heshima yetu yenye haya ndani yake. Simpi mkono. Siketi pale anapoketi. Na tangu niolewe katika boma hili, mzee huyo alikuwa hajawahi kuniona hata siku moja nikielekea chooni. Nilikuwa naenda alfajiri kabla hajatoka, na jioni akishaingia ndani. Katikati ya siku najikaza. Si mimi peke yangu, wanawake wa hapa wote wanaijua hiyo kazi.

Sasa tembe haijui chinsoni. Safari ya kwanza nilipita nimeinamisha kichwa. Ya pili nikabeba jembe, ili aone naenda shamba. Ya tatu nikabeba ndoo. Ya nne sikuwa na kitu kingine cha kubeba, nikabeba kuku. Haki ya Mungu, Moraa, nilienda na kuku chooni! Kuku mwenyewe anapiga kelele kama anaibwa. Baba mkwe akaongeza sauti ya redio, maskini, na macho ameyatupa kwenye mlima ule wa ng'ambo.

Siku hiyo nikapata akili, au nilidhani ni akili. Nikasema, maji yasipoingia hayatatoka. Basi nikaacha kunywa. Asubuhi nusu kikombe cha chai ya kusukumia tembe, na basi. Kwenye egesangio yetu, tukiwa zamu ya kuchumiana majani kwa huyu na kwa yule, wenzangu wakipitishiana jagi la maji mimi nasema sina kiu. Midomo imepasuka, ulimi umekauka, lakini sina kiu! Na safari zilipungua kweli. Nikajiona mjanja kuliko daktari.

Halafu miguu ikaanza.

Mara ya kwanza ilinipata kanisani. Ilikuwa Sabato, tumepiga magoti, na mzee wa kanisa anaomba, na unamjua yule, akianza kuomba huanzia kwa Adamu. Alipokuwa bado hajafika kwa Nuhu, shavu la mguu wa kulia likakaza. Nikauma kitambaa. Likakaza tena, gumu kama jiwe la kusagia. Nikapiga yowe. "Uwii!" Kanisa zima likageuka. Letu si kanisa la kupiga mayowe, unajua. Mama mmoja nyuma yangu akasema "Amina" kwa woga, akidhani labda nimeguswa. Mzee wa kanisa akaruka kutoka Agano la Kale mpaka mwisho wa maombi kwa sentensi moja. Watu wengine walinishukuru pale nje.

Mama Kerubo, jirani yetu huyu wa hapa juu, ndiye aliyenivuta nyuma ya kanisa, akaninyooshea mguu, akaushika unyayo na kuvuta vidole vikielekea kwangu, huku anasugua shavu la mguu kwa kiganja. Uchungu ukalegea. Hapo alifanya vizuri sana, na hata nesi baadaye alisema ndivyo inavyofanywa. Lakini Mama Kerubo haachi kitu kikiwa kizuri. Akaniambia, "Miguu kukaza ni kukosa chumvi. Lamba kidogo kila asubuhi." Nami, mtu wa presha, mwenye tembe ya presha, nikaanza kulamba chumvi kwenye kiganja kama ng'ombe. Usiniulize nilikuwa nafikiria nini.

Tena kuna jingine. Siku za kanisa na siku za egesangio nilikuwa siimezi tembe kabisa. Baba yako aliponiuliza nikamwambia hata dawa ina Sabato yake. Akacheka, na mimi nikacheka, yakaishia hapo.

Sasa fikiria mwili huo. Leo tembe, kesho hakuna. Maji hakuna. Chumvi juu. Jua la Januari juu ya mgongo, na kikapu cha majani. Vidole vya mkono vikaanza kujikunja vyenyewe nikichuma, mpaka nalazimika kuvikunjua kwa mkono mwingine. Moyo unapiga, unaruka, unapiga. Nikasimama na kusema ni uzee. Mwezi huo ndio ulikuwa unafanya mtihani wako wa mwisho.

Nilianguka pale pale ambapo nilikuwa sitaki kuonekana, mbele ya veranda. Nilikuwa natoka shamba, nikaona migomba inazunguka, nikajikuta chini. Miguu yote miwili imekaza, siwezi kuinuka, na leso imepanda juu ya magoti. Na babu yako yuko pale, mbele yangu kabisa.

Angefanya nini? Kunishika hawezi. Kuniangalia hawezi. Baba yako yuko Keroka, hakuna mtoto bomani. Mzee alisimama, akajifunika macho kwa kofia yake, akavua koti, akaja kinyumenyume, Moraa, kinyumenyume kwa miguu ile yake inayotetemeka, akalirusha koti nyuma bila kutazama ili linifunike. Mara ya kwanza likaangukia kichwani kwangu. Akasema kwa sauti ya kulia, akiwa bado amenipa mgongo, "Nisamehe, mama wa watu." Kisha akachukua fimbo yake akapiga bati la ghala mpaka watu wa ng'ambo wakatoka. Nilikuwa siwezi kusema, lakini nilikuwa nasikia. Nilisikia mzee wa miaka ile yote analia kwa sababu yangu, na chanzo ni kwamba mimi naona haya kunywa maji.

Walinipeleka hospitali Nyamira. Dripu, damu, waya za kifuani. Yule daktari alikuwa kijana tu, wa umri wako. Alisema maji yamekwisha mwilini na potasiamu imeshuka vibaya, na kwamba ndiyo sababu misuli inakaza na moyo unaruka. Wewe hayo umeyasomea, unayajua kuliko mimi. Mimi sikujua kwamba moyo ni msuli. Aliniambia bila kuzunguka kwamba ningekaa nyumbani siku nyingine mbili, moyo ungeweza kusimama. Niliogopa sana, Moraa. Niliogopa kufa nikiwa sijakuona na koti lako jeupe.

Na ndipo ukapiga simu. Unakumbuka? Uliniuliza, "Mama, habari ya nyumbani?" Nikasema, "Nzuri sana, nachuma majani." Niko kitandani, sindano mkononi. Ukauliza hizo kelele ni za nini. Nikasema ni redio ya babu yako. "Babu anasikiliza watoto wakilia?" Nikasema ni mchezo wa redio. Nesi aliyekuwa ananibadilishia dripu alinitazama mpaka nikafumba macho.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuficha kwa sababu ya mtihani. Ni kweli, lakini ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba napenda kuonekana hodari. Nimependa hivyo tangu nikiwa msichana kule Marani. Nilitaka uendelee kuamini mama yako haanguki. Uliposikia habari kutoka kwa babu yako wiki kadhaa baadaye, hukunigombeza. Siku mbili ukawa unaniangalia tu kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. Hiyo iliniuma kuliko miguu.

Sasa sikiliza mambo ya baadaye, ambayo ni ya kuchekesha. Niliporudi kutoka hospitali, kiti cha babu yako hakikuwa pale. Amekihamishia upande wa pili wa nyumba, unaotazama barabara. Kutoka kule huoni njia ya choo hata ukitaka. Kisha baba yako akanong'ona kwamba mzee mwenyewe ana tembe za kutoa maji, za moyo, amepewa tangu mwaka mmoja nyuma, na kwamba alikuwa anajibana pale kwenye kiti saa nzima akinisubiri mimi nipotee machoni ndipo akimbilie choo chake mwenyewe, kile cha nyuma ya nyumba. Obee! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Watu wawili, boma moja, kila mmoja anamwonea mwenzake haya na kila mmoja anaumia! Alimtuma baba yako aniambie, "Mwambie mama watoto njia ilichimbwa ili watu wapite." Nikacheka, halafu nikalia, baba yako akashindwa kujua ashike lipi.

Nikawaza nimwige mzee, au mzee aniige mimi, kwa kuwa sote ni watu wa tembe za maji. Nesi akanikatalia hapo hapo. Babu yako maji yake amepimiwa, akizidisha miguu inavimba na pumzi inakata. Tena figo zake ni za kuangaliwa na tembe zake ni za aina nyingine, kwa hiyo hata ndizi nilizoambiwa nile kwa ajili ya potasiamu, yeye asile kama mimi. Mimi nimeambiwa ninywe kidogo kidogo mchana kutwa, nisingoje kiu. Wangenipa ushauri wa babu yako ningeanguka tena, na yeye angepewa wangu angelazwa. Sasa Mama Kerubo akija na dawa yake ya mdomo namkaribisha uji wa wimbi, namsikiliza, namshukuru, na naenda kumuuliza nesi.

Dozi ilipunguzwa. Chumvi nimeiacha kwenye kiganja cha Mama Kerubo. Chupa yangu ya maji iko kwenye kikapu cha majani, na mwenye kuniona nikiingia kwenye migomba aone. Wenzangu wa egesangio walinicheka wiki moja. Ya pili, wawili wao wakaja kwangu pembeni kuuliza. Kumbe nao wana tembe, kumbe nao walikuwa hawana kiu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja cha kazini kwako, na si amri. Lodwar ni joto, nasikia kuku hutaga mayai yaliyoiva. Watakuja wamama hapo maabara kutolewa damu, na karatasi itakuonyesha kwamba maji ya mwili yamekwisha. Usiwaulize tu kama wanakunywa maji. Watasema ndiyo. Mimi nilisema ndiyo. Waulize choo kiko wapi, na nani anaketi njiani.

Haya. Nimefika pale ambapo nilikuwa nakimbia kufika.

Leo asubuhi, ulipokwisha kutoka, mguu ulikaza tena. Si kidogo. Nilikuwa kwenye mstari wa pili wa majani, nikalazimika kushikilia mti wa chai. Nikaunyoosha, nikavuta vidole, nikasugua, ukaachia. Lakini moyo nao uliruka mara mbili tatu, kama ule wakati. Sijui ni nini. Ile homa ya kuhara ya wiki iliyopita ilinitoa maji mengi, labda ni hiyo. Wazo langu la kwanza, Moraa, lilikuwa lile lile la zamani: anaondoka kesho, nyamaza. Nilisimama pale shambani muda mrefu nikilipenda wazo hilo.

Kisha nikampigia nesi mwenyewe. Nikamwambia kila kitu, hata ile ya homa. Alisema nisimeze tembe nyingine mpaka nipimwe, na nisingoje. Basi nilienda kliniki asubuhi hiyo hiyo, baba yako akanisindikiza, na ndiyo maana hatukupokea simu ulipopiga saa tano. Wamechukua damu na kupima moyo. Wamenirudisha nyumbani, wamesema moyo kwa sasa uko sawa, ukiruka tena au nikizimia nirudi mara moja. Majibu ya damu ni kesho mchana. Utakuwa njiani.

Ningeweza kukuambia uso kwa uso jioni hii. Nimeogopa kwamba ungeanza kufungua sanduku kabla sijamaliza kusema. Kwenye karatasi utasoma mpaka mwisho. Ukishasoma, uje unigombeze kama unataka, mlango uko wazi.

Lakini kesho uende. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa mzima, hakuna mtu aliye na ahadi hiyo. Uliniuliza utaamini vipi. Ndivyo hivi. Nina habari ambayo ingeweza kukuzuia usiende, natamani uende kuliko kitu chochote, na bado nimekuambia. Kesho mchana, majibu yakiwa mazuri au mabaya, utayasikia kwa sauti yangu.

Mimi mama yako,
Kwamboka